Pengo Kwenye Grafu ya Quyên

Jumatatu, 4 Machi
Jirani Mama Khiêm, muuza tambi, kaja kupimwa gauni. Hanyamazi. Khiêm wake kapata tisa kwa kumi kwenye hesabu, eti grafu zake utadhani zimetoka mashineni. Nikamwambia kiuno kimeongezeka. Hakijaongezeka.
Mwanangu Quyên kapata saba. Keshokutwa Mwalimu Nghĩa anakusanya madaftari ya hesabu, kisha achague ishirini wa darasa maalumu. Akikosa hapo, chuo kikuu atakisikia kwa watu.

Jumanne, 5 Machi
Baada ya chakula cha mchana Quyên kalala kidogo. Nikafungua daftari. Mungu wangu! Juu mlinganyo, chini grafu ya vipande viwili vilivyoachana! Katikati mstari wa nukta, na hakuna kipande kinachougusa. Mimi niliishia darasa la tano, lakini miaka ishirini nashona áo dài, magauni yetu marefu ya heshima. Mshono ulioachia naujua. Mtoto kachoka, maskini. Nikachukua rula yangu iliyopinda, ya kukatia makwapa, nikaunganisha. Laini kama shingo ya bi harusi. Sikumwambia. Sipendi sifa.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Mama Khiêm kaletewa waridi. Mimi nimeletewa daftari. Nne kwa kumi! Wino mwekundu unauliza nani kavikutanisha vipande hivi.
Quyên kaiangalia rula, kaniangalia mimi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeongea na kiziwi, kwamba grafu inausogelea ule mstari mpaka mwisho wa dunia, na haiugusi. Nikauliza sasa inasogea kufanya nini. Akaanza kulia.
"Mama, nakuomba. Wewe shona tu."
Nikaenda kumenya vitunguu ili na mimi nilie kwa nafasi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemfuata mwalimu shuleni. Nikakiri ni mkono wangu. Kacheka mpaka kavua miwani. Kakubali: Jumatatu Quyên achore upya mbele yake, alama hizo ndizo zihesabiwe.
Ningeaga hapo. Lakini ubaoni kulikuwa na grafu yake mwenyewe, ina pengo la kupitisha ng'ombe! Mwalimu mzima! Nikachukua chaki, nikamsaidia.
Kanisindikiza mpaka getini. Kanishika kiwiko.

Jumatatu, 11 Machi
Tisa! Quyên kachora peke yake, na jina lake ni la kumi na tisa kwenye orodha. Khiêm ni wa ishirini. Nimemwambia mama yake asijali, hata wa mwisho naye ni mtu.
Mwalimu kaweka sharti moja: nisivuke geti la shule. Hawa wasomi bwana, ukiwagusia kazi yao wananuna. Ila bila mimi kwenda kuongea naye, mtoto angekuwa wapi?
Leo darasa jipya wameanza umeme. Quyên kalala, daftari liko wazi. Kuna mchoro wa betri na taa, na waya mmoja umekatika kabisa katikati, hapo palipoandikwa "swichi". Mwanangu si atapigwa shoti!
Nachonga penseli.