Supa Ni Mtego

Jumatatu, 9 Juni

Twalib ni mwizi! Ushahidi sina, masikio ninayo. Wimbo aliomtengenezea bwana harusi wa Kiberege una mwangwi wangu. Ule ule! Tunatumia kompyuta moja kwenye studio ya Mzee Abdulkarim, nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, na preseti zangu zote, yaani mipangilio ya sauti niliyoihifadhi, ziko wazi humo. Nimezipika kwa jasho: mwangwi kiasi, besi kiasi, hifadhi, ipe jina. Yeye anabonyeza tu na kula.

Na wiki hii ndiyo yenyewe. Mzee amesema atakayeiridhisha kwaya ya Mama Balbina ndiye prodyuza mkuu. Mwingine anahamia mbele kuuza misumari. Mimi Omega, misumari! Haiwezekani.

Jumanne, 10 Juni

Dawa imepatikana. Preseti zangu zote nimezibadilisha majina. Hakuna tena "Kwaya Tamu" wala "Sauti ya Dhahabu". Sasa zina majina ya mbegu za mpunga. Mwizi yeyote atakimbilia Supa, maana nani asiyependa Supa? Humo nimeweka sauti ya katuni. Mtu akiimba anatoka kifaranga. Johari yangu, ile ya kwaya, nimeificha kwenye Wahiwahi, mpunga wa kuwahi njaa tu. Nimecheka peke yangu mpaka Mzee akaja kuuliza kama naumwa.

Jumatano, 11 Juni

Twalib kaangalia skrini, kakuna kichwa, kaniuliza kama nimeanza kilimo. Kwaya nimewaita Ijumaa mchana, wakati yeye yuko msikitini. Akili ni nywele, na mimi nina rasta!

Ijumaa, 13 Juni

Maafa.

Kwaya nzima iliingia, wakulima watupu, wametoka kuvuna. Nikawaamkia mmoja mmoja. Mama Balbina akagoma kukaa, akasimama nyuma yangu anasoma skrini. Nilipogusa Wahiwahi akashtuka. Akaniuliza kama nimeona sura zao ni za Wahiwahi. Nikajitetea kwamba ni jina tu. Akasema Wahiwahi hupikiwa vibarua, Mungu anaimbiwa kwa Supa. Waimba besi wote wakaitikia Supa! Mmoja akapendekeza Kalamata, akazomewa.

Nikataka kuihifadhi johari kwa jina la Supa, haraka haraka, wasione. Kompyuta ikauliza: jina lipo, nifute la zamani? Nikabonyeza ndiyo. Kumbe nimegeuza, nimeihifadhi Supa kwa jina la Wahiwahi! Supa katuni, Wahiwahi nayo katuni. Wakaimba wimbo wa mazishi, likatoka banda zima la vifaranga. Mama Balbina akauliza ni nani huyo anayewadhihaki.

Twalib akarudi na kanzu yake, akawapa pole, akafungua preseti yake inayoitwa "Kwaya". Kwaya! Mtu hajui hata kuficha. Wakaimba, Mama Balbina akalia kwa furaha. Na ule mwangwi ni wangu, naapa.

Jumapili, 15 Juni

Nauza misumari tangu jana. Inachoma vidole. Mzee aliniita, akanikumbusha kwamba mficha uchi hazai. Nimemwelewa kabisa: kuficha hakukuwa kosa, kosa ni majina. Unawapaje wakulima majina ya mpunga? Utoto!

Mzee kanipa nafasi moja ya mwisho, kesho. Nikiharibu, ni misumari maisha. Kwa hiyo leo nimeipika upya johari na kuzibatiza preseti zote majina ya samaki. Perege, kitoweo cha kila mtu, ni mtego. Johari iko kwenye Kambale, nani atamgusa huyo? Twalib haambulii kitu safari hii. Nina furaha mpaka nimempa mteja misumari ya bati badala ya ya mbao.

Wageni wa kesho ni kikundi cha ngoma kutoka Malinyi. Nimewachunguza vizuri kwanza, sibahatishi tena. Hawalimi hata jaruba moja. Wavuvi watupu!