Mrithi wa Chumba Kilichofungwa

Todoroki Eishun alikuwa na kanuni moja kazini: usimwangalie anayetazama mlango ulio wazi, mwangalie anayetazama uliofungwa. Kuingia jumba la Kiyosato, walikokuwa wakipumzika wafalme waliong'atuka, ni bure kwa kila mwenye miguu na adabu ya kuvua viatu. Unapita ukumbi wa kwanza, unapita wa pili, unaona bustani, unatoka. Kyoto nzima inajua. Ila mwisho wa baraza kuna chumba kimoja kisichofunguliwa, na mbele ya mlango wake wa karatasi umelazwa mwanzi mmoja tu juu ya vigingi viwili. Mwanzi huo ulikuwa umemlisha Eishun miaka tisa.

Asubuhi hiyo ya Novemba alisimama karibu nao, amevaa kimono nyeusi ya kukodi yenye nembo za ukoo ambao haukuwahi kuwapo. Mara akamwona bibi kizee mmoja, mfupi, mgongo umepinda, soksi nyeupe pepepe, anachungulia juu ya mwanzi kana kwamba amesahau kitu ndani. Eishun akajisemea moyoni kuwa Mungu si Athumani.

"Hapo hapafunguliwi, mama," alisema kwa sauti ya mtu asiyependa makuu. "Hata sisi wenyewe tunaingia mara moja kwa mwaka."

"Sisi akina nani, mwanangu?"

"Sisi wa nyumba ya Hagikoji." Akashusha macho. "Tumewaandalia wafalme chai humo vizazi kumi na vinne. Lakini tuyaache hayo. Wakubwa wamekwisha, nimebaki mimi kulinda majivu."

Hapo mjinga huuliza siku ya kuingia ni lini na atoe kiasi gani, na mjanja hujiendea zake. Bibi hakufanya hili wala lile. Aliangua kilio.

Alijitaja kuwa Kuramochi Yasue, mjane wa Nagoya. Nyanya yake, alieleza huku akijifuta machozi, alikuwa mtumishi katika jumba hilo, na siku ya kuachishwa kazi bibi mmoja mkubwa alimpa kijaluba cha dhahabu cha kuwekea udi.

"Akatuusia kisiuzwe. Ipo siku kirudi nyumbani kwake. Mimi sina mtoto, mwanangu, na kifua hiki hakinipi muda. Siku tatu nazunguka hapa natafuta wa kumkabidhi. Wale wa mlangoni unajua wamenipa nini? Karatasi! Eti nijaze!"

"Karatasi!" Eishun alisema kwa uchungu wa kweli. Watu wa karatasi walikuwa maadui zake pia.

Bibi akatoa kikapuni kifurushi cha hariri ya zambarau, kimefungwa fundo la kiheshima. Kilimlemea mikononi. Eishun alikipima kwa macho, na macho yake yalikuwa mizani isiyokosea, au ndivyo alivyoamini mpaka asubuhi hiyo.

"Basi nikuachie wewe, mheshimiwa. Ila..."

"Ila nini, mama? Sema tu."

"Naona haya. Nyumba kubwa ikipokea bila kurudisha chochote, nyanya huko aliko atasema nimempa mpita njia. Nipe kitu kidogo tu cha ukoo wenu, nikiweke mbele ya picha yake. Hata kikombe."

Na kikombe kilikuwapo, hiyo ndiyo iliyokuwa balaa. Lilikuwa bakuli la chai, jeusi, ufa wake umezibwa kwa dhahabu, alilorithi kwa mama yake mzazi. Alikuwa nalo kwenye kijisanduku chake cha mbao, kwani Mhagikoji asiye na bakuli kuukuu hamshawishi mtu. Kila siku alilionyesha, na kila siku alirudi nalo nyumbani. Mama yake alilinywea mpaka asubuhi ya mwisho. Njaa imempiga Eishun, baridi imempiga, na hakulipeleka kwa mweka rehani hata mara moja. Katika mali zake zote, meno mawili ya dhahabu yakiwemo, ndicho kitu pekee alichokipata kihalali.

Alifikiria kutoa kipepeo chake cha kujipepea, lakini upande wa pili kilikuwa na tangazo la duka la miwani.

Basi huku dhahabu, kule mama. Tamaa ikamnong'oneza kwamba mama angeelewa. Mama asingeelewa, na mwanawe alilijua hilo vizuri sana, lakini mikono ilikwisha kunyooka.

Walikabidhiana kwa mikono miwili miwili. Hakuna aliyefungua chake. Katika mji ule, kufungua zawadi mbele ya aliyekupa ni aibu ambayo hata mlevi huikwepa.

Akamsindikiza mpaka langoni, kwa kuwa mwenyeji hamwachi mgeni mpaka apotee machoni, na mgeni naye hugeuka njiani kuinama. Bibi akaanza safari yake polepole juu ya vijiwe vyeupe vya ua wa nje. Eishun, chini ya mkono mpana wa kimono, akapenyeza kidole kwenye fundo la hariri.

Kidole kikagusa kijiwe. Kikagusa cha pili, kikagusa cha tatu. Vilikuwa vijiwe vya ua uleule, na vingine bado vilikuwa na umande.

Bibi akageuka, akainama.

Angeweza kupiga ukelele wa mwizi. Lakini ubavuni pake alisimama bawabu Orito, ambaye kwa miaka tisa alikuwa na hamu ya kujua Eishun anafanya kazi gani hasa. Eishun akainama.

Alipofika kwenye daraja la mbele, bibi akageuka tena. Mgongo sasa ulikuwa umenyooka kidogo, labda ni hewa ya asubuhi. Eishun akainama tena. Kwenye kona akageuka mara ya mwisho, kijisanduku amekikumbatia kifuani, akainama mpaka chini. Eishun moyo ulimuuma, tusifichane, na machozi yakamlenga. Alimtaka mama yake radhi palepale, kimyakimya. Kisha akainama kumzidi bibi, maana bibi huyo alikuwa mkubwa wake kwa umri, na kwa ufundi pia.

Alipoinua kichwa, kona ilikuwa tupu, na mbele yake walisimama mke na mume kutoka Hiroshima, wamejaa heshima.

"Samahani, mheshimiwa," alisema mume. "Tumeona unavyomuaga yule mama. Watu wa namna yako wamebaki wangapi? Tulikuwa tunachungulia kile chumba cha mwanzi..." Akamnyooshea kasha lililofungwa vizuri. Lilikuwa zawadi ya kumpelekea shemeji yao, lakini shemeji angengoja.

Eishun alilipokea kwa mikono miwili. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Palepale, mbele ya macho yao, akachana karatasi, akang'oa kifuniko, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Vilikuwa vikombe viwili vya kaure, vya kale, vya kweli.

Mke akaziba mdomo. Mume akalichukua kasha taratibu kutoka mikononi mwa Eishun, akarudisha kifuniko.

"Utuwie radhi," alisema. "Tulidhani wewe ni mtu wa jumba."

Wakainama kidogo, kidogo sana, kisha wakamwendea Orito kumuuliza yule mtu ni nani.