Stesheni ya Juu Haikubomolewa kwa Uzembe wa Babangu

Kwa Mzee Munyao,
Mwenyekiti, Kamati ya Historia ya Mtaa,
Njiru.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ndiye mtu pekee Nairobi nzima aliyechelewesha treni kabla ya kuzaliwa. Mamangu Apondi alishikwa na uchungu kwenye ngazi ya thelathini ya Stesheni ya Juu, na dereva akangoja dakika arobaini ili aambiwe ni kijana au msichana. Kuandika historia ya stesheni hiyo bila kuniuliza ni kama kuandika habari za harusi na kumsahau bibi harusi.

Kijitabu chenu nimekisoma, ila kurasa ambazo tayari zimefungiwa mandazi. Malalamiko ni haya:

1. Mnasema stesheni iliinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya matope. Uongo. Iliinuliwa ili treni isichafue nguo zetu kwenye kamba. Muulizeni mama yeyote.

2. Mnasema ngazi zilikuwa hamsini. Zilikuwa hamsini na moja. Nimeanguka zote, wacha nisikuambie.

3. Hapa sasa ndipo naongea kwa uchungu. Ukurasa wa sita mmeandika kwamba stesheni ilibomolewa kwa sababu msimamizi wake, Bw. Odongo, aliona X nyekundu kwenye nguzo, ile alama ya kuonyesha tingatinga pa kubomoa, akanyamaza. Odongo ni babangu! Tangu mtoe kijitabu hata kanisani haendi. Anapiga pasi yunifomu ya reli, anavaa, anaketi kitandani. Kyule, yule muuza akala za tairi wa pale chini ya ngazi, akipita dirishani anaita, "Mzee, ya saa mbili imefika?" Watu wanacheka, hata wazee wa kanisa.

4. Kwa hivyo futeni ukurasa wa sita, na mjenge stesheni upya, juu kuliko ya kwanza.

5. Kama reli imeshang'olewa, jengeni ngazi tu. Watu wapande, babangu awakague tiketi, washuke. Treni tutatafuta baadaye.

6. Kama saruji pia hakuna, mpandisheni Kyule juu ya nguzo moja, awe anatangaza treni kwa heshima, asubuhi na jioni, mpaka babangu atoke nje.

Nisalimie kamati yote, Mama Nthoki aliyepiga chapa, na yule kuku wenu wa ofisini.

Ni mimi nisiyetaka kesi,
Omolo, mwana wa Odongo

Baada ya kutia sahihi: Mzee, tingatinga lilitumwa kubomoa choo kibovu cha pale kando, likafuata X. X ya kwenye nguzo niliichora mimi, kwa rangi iliyobaki ya geti la kanisa. Kyule alikuwa amekalia pahali pazuri pa kuuzia mayai yangu, nikajua akiiona atahama kabla ya chai ya saa nne. Hakuhama. Babangu alipoiona alivua kofia, akasema kama wakubwa wa reli wameandika, si yeye wa kufuta. Mpaka leo hajui. Nilikuwa nimesimama karibu naye, mikono mfukoni, vidole bado vyekundu.