Mbavu za Mwenyekiti

Napenda kuutangazia umma kwamba hospitali yetu imeunda Kamati ya Kufupisha Siku za Kulazwa kwa Waliopasuliwa Mbavu, na mwenyekiti ni mimi, Aminieli. Wagonjwa hawa walikuwa wanakaa wodini mno. Kwa hiyo tuliagiza kwamba asitoke mtu kabla kamati haijakaa na kumhoji ni nini kinachomchelewesha.

Wa kwanza alikuwa mzee Filemon wa Uru, aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi. Daktari Komal alisema yuko tayari: anapumua vizuri, anakohoa bila kulia, anakwenda chooni mwenyewe.

"Hayo ni maoni ya kitaalamu tu," nilimweleza. "Tusubiri ya kamati."

Nikamwendea mzee kitandani. "Shikamoo."

"Marahaba. Baba, watoto wangu wanapanda kutoka Dar kwa Krismasi. Mbuzi wa ukoo hagawiwi bila mimi. Niachieni niende."

"Kwanza, ni nini kinachokuchelewesha?"

"Si nyie!"

Nilisikitika. Nikaandika kwamba mgonjwa amekosa ushirikiano. Kikao nacho kiliahirishwa, kwani wajumbe walishapanda vijijini kwa sikukuu. Nani hubaki Moshi mjini wakati huo? Nami nikapanda kwetu Mwika.

Mkesha wa Krismasi, mbuzi wetu alikata kamba. Nikamkimbiza migombani, nikateleza, nikaangukia jiwe la mfereji, mbavu zikavunjika. Nililia kama mtoto, na wakwe zangu wakiwepo.

Nilipofikishwa hospitali, vitanda vilikuwa vimejaa. Kwa heshima ya cheo changu, kanuni ililegezwa mara hiyo moja tu: Filemon akaruhusiwa, nikalazwa pale pale alipoinuka. Alifika Uru kisu cha kumchinjia mbuzi hakijanolewa.

Mimi nilipasuliwa salama. Sasa napumua vizuri, nakohoa bila kulia, nakwenda chooni mwenyewe. Komal anasema niko tayari. Tatizo, kikao huitishwa na mwenyekiti peke yake, na mgonjwa haruhusiwi kuongoza kikao. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na ni nzuri sana.

Jana Filemon alikuja kunijulia hali, amebeba mtori wa ndizi na nyama, wa moto, kwenye chupa ya chai. Akaniwekea mto mgongoni, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, mwenyekiti. Kwani ni nini kinachokuchelewesha?"

Nusura niseme ni kamati; nikanywa mtori. Jibu hilo tulishaliandika kuwa ni kukosa ushirikiano.