Kompyuta Inayozima Fundi Akiondoka

Jumatatu, tarehe 3
Habari mbili leo. Mjukuu wangu amepata nafasi ya kusomea uchoraji wa majengo hapa mjini. Hiyo nzuri. Ya pili: hajaamua atakaa kwa bibi gani. Eti bibi gani! Kama vile tuko wawili. Huyo mwingine ni mama wa mkwe wangu. Namwita Bi Miwani kwa sababu anaivaa hata akilala. Binti yangu kaniambia kwenye simu kwamba Bi Miwani ameshanunua kompyuta ya mtoto kuchorea. Nikakata simu nisije nikatamka neno.

Chumba cha nyuma kitupu tangu babu yake afariki. Sina huzuni, sina muda huo. Ila chumba kitupu kinatoa mwangwi, na mimi sipendi kelele.

Jumanne, tarehe 4
Duka la kompyuta. Nimevaa gauni la harusini wasinione mshamba. Fundi, mtu mzima mwenye kitambi, akanionyesha mashine zilizotumika maofisini. Bei nafuu, nguvu bado zipo. Nikazinyanyua moja moja, nikachagua iliyo nzito kuliko zote. Sidanganyiki mimi.

Akanishauri hela iliyobaki niongezee memori na niweke diski ya kasi. Nikamuuliza vitaonekana kwa nje? Akasema hapana, vinakaa ndani. Nikamwambia sinunui kitu ambacho mgeni hawezi kukiona. Nimechukua taa za rangi za kubandika na spika mbili kubwa kama ndoo. Akajaribu tena kunieleza. Nikamkumbusha kwamba nimelea watoto watano bila memori.

Jumatano, tarehe 5
Inawaka! Nimebonyeza, nikaosha vyombo, nikaanika nguo, nikarudi, bado inazungusha kiduara. Nimeipenda kwa hilo. Haina papara, imelelewa.

Ila imekaa uchi. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, mpaka mtungi wa gesi. Nimeifumia chake kwa uzi wa sufu, tamvua pande zote, bitana nzito, kinafika chini kabisa. Vumbi lipite wapi? Bi Miwani hajui hata kutunga uzi kwenye sindano.

Ijumaa, tarehe 7
Imezima! Nusu saa tu, tii, giza. Nikaipiga kofi. Kimya. Nikamwita fundi. Kabla hajafika nikavua kitambaa, maana mikono ya mafundi naijua. Akaiwasha. Ikakaa saa nzima huku yeye akimaliza birika langu la chai. Haikuzima! Akaniuliza kama niliiweka juani. Juani! Kwani ni samaki?

Ameondoka, nimeivisha. Sijamaliza hata kuosha vikombe vyake, ikazima.

Jumamosi, tarehe 8
Fundi kasema huenda inapata joto, labda feni yake imechoka. Nikamwambia alete feni mpya. Akaleta. Inavuma vizuri, mpaka karatasi za mezani zinaruka. Nikamshukuru, nikamsindikiza, nikarudi kuivisha.

Imezima.

Nikampigia alete feni ya pili. Akaniuliza kwa upole ni kitu gani hubadilika pale nyumbani akishaondoka. Nikamjibu kinachobadilika ni yeye kutokuwepo, kwa hiyo kosa ni lake. Akasema ataiagiza. Kesi nimeshinda.

Jumatatu, tarehe 10
Namshuku Bi Miwani. Nimekwenda kwake kumpeleleza, nikasema napita tu. Kompyuta yake ndogo, haina taa, haina spika, imesimama uchi kama mtu anayeoga. Fundi ni yule yule. Kamwekea memori na diski ya kasi, na yeye kakubali kila alichoambiwa, kama hana kichwa chake mwenyewe. Ikawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Nikamwambia pole, mashine yako ina kiherehere. Akacheka!

Kisha akanionyesha chumba. Kimepakwa rangi. Shuka mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Akasema mtoto akija huku atapata utulivu wa kusoma.

Sikumaliza chai yake. Ilikuwa ya moto.

Alhamisi, tarehe 13
Feni ya pili imefika. Fundi alipokuwa ameinama, nikamwambia kwa sauti ya chini aweke na ile memori na ile diski. Akaniuliza mbona sasa nakubali. Nikamwambia afanye kazi aache umbea. Sasa inawaka upesi kuliko ya Bi Miwani, nimehesabu kwa vidole.

Alipoondoka nikaivisha vizuri, nikakaa pembeni yake, nikaibembeleza kama mtoto mwenye homa. Ikazima.

Machozi yamenitoka. Ni zile feni, zinapeperusha vumbi.

Jumamosi, tarehe 15
Mjukuu kaja! Alianzia kwa Bi Miwani, kisha kwangu. Nimempitisha sebuleni polepole ili aone vizuri. Akaketi, akawasha, akaanza kuchora nyumba. Ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, giza! Nikatamani ardhi inimeze.

Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa mbio kama aliyeshika sufuria ya moto. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Ati, bibi, umeivika blanketi, inakosa hewa! Akakivua, akakikunja. Amechora mpaka saa kumi na mbili jioni na haikuzima hata mara moja. Nikamweleza kwamba feni zote mbili sasa zimezoeana.

Nikamuuliza, huku nikipanga vijiko ambavyo vilishapangwa, ameamua nini. Akasema atakaa hapa. Aliamua siku ile ile aliyopata nafasi, ila hakuna aliyemuuliza. Kule kwa Bi Miwani kumetulia mno, asipogombezwa hasomi. Nikamgombeza papo hapo kwa kukaa sakafuni na nguo safi.

Jumapili, tarehe 16
Chumba cha nyuma kimejaa mabegi, viatu na makaratasi mpaka mlangoni. Mwangwi hakuna. Kuna fujo.

Bi Miwani kaja kumpongeza mtoto. Alitabasamu, lakini alipofuta miwani yake aliifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Nikamhurumia, mimi si mtu mbaya. Nimempa kitambaa changu, pamoja na bitana yake, kwa roho safi. Nikaenda naye mpaka kwake, nikaivisha mashine yake kwa mikono yangu mwenyewe. Sasa inaonekana ya watu.

Jioni kapiga simu, sauti imepanda. Alikuwa anacheza karata kwenye kompyuta, na imezima ghafla. Nimemtuliza. Nimemwambia ni feni hiyo, matatizo haya mimi ninayajua. Asihangaike kununua moja moja, anunue mbili kwa mpigo. Mimi zimenisaidia sana.