Ovaroli Mbili Nyuma ya Shuka

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Ninyi wanaume mnaokuja kwa dobi na suruali moja tu, hiyohiyo mliyoivaa, kisha mnakaa nyuma ya pazia langu na taulo kiunoni mkingoja nipige pasi, hamna haya? Na mkishakaa, si mnyamaze! Wapi. Mnapiga domo kama mko kwenu.

Leo walikuja wawili. Mmoja namwita Mrefu, mwingine Masikio, kwa sababu ukimwona utajua mwenyewe. Waliniachia pia ovaroli mbili za bluu, nguo za mafundi wa mashine, nizifue na kuzinyoosha hadi Alhamisi. Nikazitia alama palepale kiunoni, uzi mwekundu, kama ninavyomtilia kila mteja alama yake. Halafu nikaketi. Mvuke ukinipanda kichwani mimi hufumba macho. Silali! Napumzisha kope.

Wakadhani nimelala. Mrefu akamnong'oneza mwenzake kwamba Alhamisi mchana kweupe wataingia kwa Bi Povu, yule wa ng'ambo ya barabara aliyeninyang'anya wateja, wamevaa ovaroli, waseme mashine yake ya kufulia imeitwa kiwandani ikakaguliwe, waibebe waondoke nayo. Masikio akauliza, watu je? Mrefu akacheka. Eti mtu aliyevaa ovaroli iliyonyooka hufunguliwa mlango.

Iliyonyooka! Kwa pasi yangu!

Nikakoroma kidogo ili wasishtuke. Nikaiona mashine ya Bi Povu ikipaa juu ya mapaa, nyeupe, pole pole kama wingu, na wateja wangu wote wa zamani wakirudi nyuma yake na mafurushi kichwani. Sijapata kuona kitu kizuri hivyo.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimeamka mwepesi kama shuka. Nimefua huku naimba. Bi Povu kapita na miwani yake ya jua, akaniuliza mikono yangu haijachoka tu, shoga? Nikamjibu ina nguvu kuliko jana. Nikamtazama akivuka barabara kuingia dukani kwake, pale mashine inaponguruma kutwa. Nguruma, mwanangu. Nguruma, siku zako zimekwisha.

Jioni mambo yakageuka. Mjukuu wangu ni karani wa mahakama. Huyo ndiye anayeita majina ya washitakiwa. Kaja amechoka, kavua viatu, kaanza kusimulia. Leo kafungwa mama mmoja mtu mzima. Hakuiba chochote. Alijua tu kwamba wizi unapangwa, akanyamaza.

Nikamwambia anakosea. Tangu lini mdomo uliofungwa ukawa mwizi? Akasema sheria ya hapa ndivyo ilivyo, Bibi, ukijua uovu mkubwa unakuja na ukaficha, nawe una kosa lako.

Kijiko kikanitoka mkononi.

Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mchuzi wa moto. Akacheka, akasema basi angalau wewe huna mambo hayo, maana siku nitakayoliita jina lako kwa sauti mbele ya hakimu, siku hiyo naacha kazi. Kazi yenyewe ndiyo kaipata juzijuzi, na sote tunaila.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimepata dawa! Kichwa hiki hakikukaa sana shuleni lakini hakilali njaa. Sheria inamfunga aliyejua. Haimfungi aliyeota. Nami nilikuwa nimefumba macho. Nani ataapa kwamba sikuota? Mvuke ulikuwepo. Mashine ilipaa. Mashine hazipai ila ndotoni. Basi yote ilikuwa ndoto.

Nikavuka barabara. Nikamwambia Bi Povu, shoga, nimeota. Nimeota Alhamisi mchana wanaume wawili wa ovaroli za bluu wanakuja kuichukua mashine yako. Akashika mbavu kwa kucheka. Akasema wivu umenipanda mpaka usingizini, niende nikanywe maji. Wateja wake nao wakacheka.

Haya! Nimesema. Mzigo nimeutua. Lakini kurudi nyumbani, roho haitulii. Akiibiwa kweli, watauliza ovaroli zilifuliwa wapi. Nikafikiria tena. Wasipokuwa na ovaroli, hawaendi. Wasipoenda, hakuna wizi. Pasipo wizi, nilificha nini?

Nikazichovya ovaroli majini upya, nikazianika uani, na juu yake nikatandaza shuka kubwa zenye maji. Huoni kitu. Kimya. Shuka zikawa zinapumua kama watu waliolala.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mrefu na Masikio walifika asubuhi. Nikawaambia nguo bado mbichi. Mrefu akafoka, akasema nimewaharibia siku. Nikamwambia akagombane na jua, si mimi. Masikio akaniomba kwa unyenyekevu, bibi yetu, jitahidi. Wakasema watangoja.

Sasa nilikuwa nifanye nini? Walikaa mbele yangu na zile suruali, magoti yametokeza kama vibuyu. Siwezi! Dobi hawezi kutazama kitu kama kile. Nikawaambia vueni hizo, mnanitia aibu mlangoni. Wakaingia nyuma ya pazia, wakajifunga taulo. Nikanyoosha, raha mustarehe, mvuke ukapanda, nikasahau hata kwamba ni wezi.

Nafumbua macho, namwona sajini mlangoni. Nyuma yake Bi Povu!

Kumbe yule mwanamke alicheka mdomoni tu. Jana ileile alikwenda kituoni. Sajini akaniuliza kama nimeona wanaume wawili na ovaroli za bluu. Nikasema mimi niliota tu, afande, na ndoto yenyewe nimeisahau. Ovaroli sijui hata zinafananaje.

Upepo ukaja. Wa kusudi kabisa! Ukaziinua shuka taratibu, kama anayefunua mtoto aliyelala, na ovaroli zikaonekana zimejaa hewa, mikono imenyooka, zinatuinamia kwa adabu.

Sajini akageuza kiuno cha moja. Akauona uzi mwekundu. Akapinda ukosi wake mwenyewe, akatuonyesha uzi wa bluu niliomtilia kwa mkono wangu. Akasema, bibi, alama hizi anashona nani mwingine hapa?

Nyuma ya pazia mtu akapiga chafya.

Wangekimbilia wapi na taulo? Suruali ninazo mimi. Masikio akapiga kelele kwamba bibi alijua, bibi alisikia yote, kukoroma kwake kulikuwa kwa uongo! Mshenzi. Nimemnyooshea vizuri vile.

Wakatubeba sote. Mjukuu akaja mbio kituoni na viatu vya kazini, uso umemwisha rangi. Hakunigombeza. Alinishika tu mkono uliokunjamana kwa maji. Hapo ndipo nilipoogopa.

Aliyeniokoa ni Bi Povu. Aibu gani hii! Kamwambia sajini kwamba nilikwenda kumwonya jana mbele ya wateja. Sajini akasema lakini alisema ni ndoto. Bi Povu akamjibu, afande, ndoto gani inataja siku, wakati na rangi ya nguo? Huyu ana kiburi tu, hajui kusema jambo kwa adabu.

Sajini akaniachia. Akanionya kwa kidole: ukijua, sema uliyoyajua, siku hiyohiyo, bila mapambo. Nikasema nimeelewa.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Dunia imetulia. Mjukuu kapika. Mchana ule wa kusinzia, uani pamejaa weupe, shuka zinapanda na kushuka.

Kaja fundi umeme na rafiki yake, suruali moja moja, kama kawaida. Taulo. Pazia. Nikaketi. Mvuke.

Fundi anamwambia mwenzake kwamba Jumanne atakata waya wa Bi Povu nguzoni akauuze, maana mama yule ana dharau.

Nimewaza. Kesi ile ilikuwa ya mashine. Waya si mashine. Sajini hakuutaja waya hata mara moja, na mimi nilimsikiliza vizuri sana. Na bila waya, mashine itaota kama sisi wengine.

Nikafumba macho. Nikakoroma, safari hii vizuri zaidi, na mluzi kwa mbali.

Mjukuu wangu, Jumanne usiende kazini. Kaa mlangoni. Sajini akija, mwambie bibi amelala tangu Jumapili.