Skrubu Nne za Nesta Prydderch

Enyi mlio na masikio, kaeni kitako, na mwenye kikombe akiweke chini, niwasimulie vita vya Llanerwen, mji wetu wa mvua huku Wales, vilivyopiganwa kwa bisibisi moja dhidi ya skrubu nne na wajumbe tisa wa kamati.

Lijueni kwanza kosa. Kamati Tukufu ya Kuwahifadhi Teleka, ndege weusi waendao huko kwenu Afrika kila Agosti na kurejea huku Mei, ilikutana mara kumi na moja majira ya baridi kuamua namna ya kuwaenzi. Wakala keki, wakapiga kura, hatimaye wakafunga kibao cha shaba chini ya paa la kanisa: HAPA WANAISHI TELEKA. Wakakikaza, wakaliziba tundu lenyewe la ndege. Tundu moja tu la kuingilia, jamani! Hakuna aliyeliona, maana ndege walikuwa safarini, na wahifadhi walikuwa wakitazama kamera.

Mei tisa teleka wawili wakarejea. Wakaja kwa kasi, wakagonga shaba, ta! Wakazunguka, wakagonga tena, siku tatu mfululizo. Nesta Prydderch, mstaafu wa posta, Shujaa wa Magoti Mabovu, aliwatazama kutoka dirishani kwake akalia. Marehemu mumewe, Idris, ndiye aliyeanza daftari la kuwahesabu, miaka thelathini na mmoja iliyopita, na wakikosa tundu wiki hii hawatagi mwaka huu. Daftari lile halijapata kuandikwa sufuri.

Akaiendea kamati. Ndipo aliponyanyuka Emrys Gittins, Mwenyekiti, Bwana wa Mafaili, akakohoa kwa fahari.

"Mama Nesta, uchungu wako tunauona. Lakini sheria yakataza kusumbua kiota."

"Kiota gani, Emrys? Si umekiziba!"

"Ndiyo maana yapasa kuunda kamati ndogo. Itakutana Juni."

"Juni! Hivi una akili wewe, au umejaa chai tu?"

Akatoka, akatwaa ngazi, akaiegemeza ukutani mwa kanisa, nami jirani yake nikaishika. Akapanda, ngazi ikilia, magoti yakilia zaidi. Skrubu ya kwanza ikasalimu amri. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Ya nne ikagoma, kwani Emrys aliikaza mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya mwaka mzima.

"Shuka!" akapaza sauti mwenyekiti, aliyefika mbio na kamati yake yote, faili kichwani kama ngao. "Bima haitulindi!"

"Basi sogea, baba, nisije nikakuangukia!"

Akaikamata kwa mikono miwili, akalaani kwa Kiwelisi, ikazunguka. Kibao kikaporomoka kwenye maua. Hajashuka vidato vitatu, kitu cheusi kikapita sikioni mwake, kikazama tunduni, na cha pili nyuma yake. Nesta akaegemeza paji la uso ukutani.

"Idris," akasema, "wameingia."

Nilifuta macho, sioni haya kusema. Kamati nayo ikapiga makofi kana kwamba ni yenyewe iliyopanda. Emrys akakiokota kibao, akakipangusa kwa mkono wa koti, akatangaza kwamba ushindi huu wa kamati utaingia katika historia ya Wales na lazima uandikiwe kibao kingine, kikubwa zaidi.

"Tukifunge wapi?" akauliza mjumbe mmoja.

Wote tisa wakainua macho ukutani. Nesta, aliyekuwa amefika chini, akairudisha bisibisi mfukoni, akaniambia, "Ngazi iache hapohapo."